Miti Yenye Uzi Mweusi

4 Februari

Mdogo wangu,

“Mimea ya asili ni vichaka, na mtu wa mjini hapigi picha na kichaka.” Ndivyo mkuu wako alivyosema kikaoni, na wewe, mchora bustani mzima, ukaniandikia mimi nimjibu. Hujambo lakini? Wifi na watoto hawajambo? Mimi salama, ila goti.

Mwambie mkuu wako kwamba mawaridi yake mbele ya posta yalikunywa matangi mawili kwa siku, na kiangazi kilipoingia ikabaki miiba. Mchelewa, mti ambao mama aliupa jina hilo kwa sababu huchanua wakati mingine imeshachoka, hauombi maji ya mtu. Bustani ya umma ikatae mti wa hapa, upandwe wapi basi, mwezini?

Msomee.

Dada yako


19 Februari

Shikamoo dada,

Pole na goti. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu.

Nimemsomea, hata pale pa miiba. Akacheka: “Huyu angekuwa wakili tungekoma.” Amekubali. Bustani yote itakuwa ya mimea ya hapa, mchelewa katikati, na getini jina la mama.

Sasa nielekeze ilipo miti ya mbegu. Mama alikuonyesha wewe tu.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Hilo la jina la mama limeniliza kidogo, usimwambie mtu.

Ukivuka daraja la reli, shika kushoto mpaka nyuma ya machimbo ya kokoto. Imebaki kumi na mmoja. Mingine kama hiyo sijaiona popote, na nimetafuta. Vichaka vya pale vinafanana, kwa hiyo angalia shina: kila mchelewa una uzi mweusi. Mama alifunga wa kwanza, mimi nabadilisha kila mwaka. Penye uzi tunaokota, hatukati. Chukua mbegu zilizodondoka, nusu uiache.

Using'oe hata mmoja. Mzizi wake unashuka kuliko shina lilivyopanda. Ukikatwa, mti hujifanya mzima mwezi mzima, kisha unakufa. Ukipanda mbegu, miche itafika kiunoni baada ya miaka minne. Bustani ina haraka gani?

Dada yako


20 Juni

Shikamoo dada,

Samahani kwa kimya, kazi imenibana. Goti linaendeleaje?

Tunafungua Jumamosi ijayo. Njoo uone, michelewa imeshachanua. Mkuu anataka kupiga picha nawe. Vaa lile gauni la kijani.

Mdogo wako


25 Julai

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, gazetini umenawiri. Nimengoja mwezi mzima nione kama utaandika wewe.

Mbegu ya Machi haichanui Juni. Kwa hiyo Jumamosi ile gauni la kijani nililivalia machimboni. Nilikuta mashimo kumi na moja na alama za magurudumu. Mlinzi wa kokoto akaniambia, “Walikuja na karatasi, mama. Yule mwenye miwani, anayefanana nawe, alikuwa anaisoma, anawaambia, chukueni yenye uzi, mingine msipoteze muda nayo.”

Karatasi yenye mwandiko wangu.

Mkuu wako nilimjua ni mpinzani, nikabishana naye kwa raha. Hakujua njia ya machimboni, wala hakumjua mama. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliifua mwenyewe tangu ukiwa wa kubebwa. Usiniambie ulilazimishwa. Mtu aliyelazimishwa hamwaliki dada yake kwenye picha.

Jana nimepita bustanini. Tisa imekauka, vijiti vya kuishikilia ndivyo vinavyoonekana vizima. Miwili iliyo karibu na bomba inaanza kufunga maganda.

Haya ninayataka kwako na kwa mkuu wako, ambaye nakala yake nimemwekea mezani. Jina la mama litoke getini kabla ya Ijumaa. Ile miwili isiguswe na mkasi, itundikiwe kivuli leo. Maganda yakipasuka, kila mbegu, hata iliyoangukia kwenye zege, iletwe kitaluni kwangu. Zilete wewe mwenyewe, kwa miguu, ukipitia machimboni.

Binti wa mama yako