Kichungi cha chai

Kaindi, nasikia kichefuchefu.

Leo nilikuwa nabadilisha oili ya ile mashine ya kukata nyasi hapa shuleni, ile kubwa ya kukalia. Nikaimwaga oili chafu kwenye karai, nyeusi tii, nikaenda stoo kuleta mpya.

Kurudi nampata Mzee Mwaura wa bustani amechuchumaa, anaichuja airudishe kwa injini. Anaichuja na kichungi cha chai, Kaindi.

"Mzee, hicho umetoa wapi?"

"Jikoni, msichana wangu. Usijali, mimi hukirudisha kila mara."

Amesema kila mara.

"Na unakiosha?"

"Nakipangusa vizuri. Hii ni mafuta tu, hata chapati ina mafuta."

Na mimi tangu niajiriwe namsifu Cate wa jikoni, eti chai yake ina ladha ya moshi kama ile ya kuni kule ushago, kijijini.

Unajua siwezi kumwaibisha mzee. Nikamwambia nitakirudisha mimi, nikakificha kwa mkoba.

Saa ya chai, Cate anakitafuta kila mahali. Mzee akamwambia mbele ya walimu wote, kwa upole kabisa, "Kiko na Nthenya. Tulikuwa tunachujia oili ya mashine."

Wameweka vikombe chini, Kaindi. Wananiangalia mimi.