Jozi Tatu Kutoka Fukuoka

Fukuoka, 14 Oktoba, asubuhi

Mwanangu Hye-rim,
Hujambo? Mumeo na mtoto hawajambo? Nakuandikia kwa simu, barua itachelewa. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika. Leo ndiyo siku yetu ya mwisho Japani; kesho meli inaturudisha Busan. Jana tulizungushwa mahekaluni hadi miguu ikawaka moto. Leo wazee wenzangu wananunua zawadi. Bwana Pyo kajaza mfuko mayai ya samaki ya pilipili, utadhani kwetu hayapo! Mimi nataka kumnunulia mjukuu wangu viatu. Anavaa namba ngapi?
Baba yako


Kurume, 14 Oktoba, saa tano

Baba, shikamoo.
Sisi wazima. Mtoto ana viatu. Miaka sita hukuuliza hali yetu, kisa nimeolewa na Mjapani. Usijisumbue. Safari njema.
Hye-rim


Fukuoka, 14 Oktoba, saa nane mchana

Mwanangu,
Nimekusoma. Dukani nimekwenda hivyo hivyo. Muuzaji anajua Kikorea kidogo. Akaniuliza, "Mtoto wa kike au wa kiume, babu?"
"Sijui."
"Ana miaka mingapi?"
"Minne. Au mitano."
Akanitazama. "Ni mjukuu wako kweli?"
Sijawahi kuona haya kama leo. Nimenunua jozi tatu, namba tatu tofauti, zote za njano. Wenzangu wamekwenda kupanda mnara watazame bahari. Mimi niko stesheni. Treni ya Kurume inaondoka saa tisa. Anwani nimeiiba kwenye simu ya mama yako kabla sijaondoka nyumbani, usimgombeze. Usipofungua, nitaziacha mlangoni nirudi. Lakini nakuja.
Baba yako


Kurume, 2 Novemba

Baba, shikamoo.
Mama hajambo? Na magoti je? Hapa tu wazima. Mjukuu wako Minori havui viatu vyake vya njano hata kitandani.
Ila nikuambie ukweli. Siku ile ulikula wali wa mume wangu Tatsuya mabakuli mawili, ukamsifu mapishi nikiwatafsiria, mkacheka. Ulipoondoka akaosha vyombo, kisha akaniuliza, "Amesema chochote kuhusu harusi yetu?" Nikamjibu hapana.
Zawadi ya mtoto tumeipokea, ahsante. Ya mume wangu hujaleta, nayo haiuzwi dukani. Kama huna nia ya kuileta, Baba, usije tena.
Mwanao


Miryang, 9 Novemba

Mkwe wangu Tatsuya,
Hujambo? Hye-rim atakusomea. Siku ya harusi yenu nilikuwa nimeshavaa suti. Mama yake akanivuta mkono hadi getini. Nikauondoa mkono wake, nikarudi ndani, nikawasha televisheni. Hukuwa umenikosea lolote. Sikukujua hata sura. Mkosaji ni mimi, na nakuomba radhi.
Barua haitoshi, najua. Nimeshakata tiketi ya tarehe sita Desemba, nije niyaseme haya mbele yako. Kijapani changu ni hilo neno moja tu la kuomba msamaha. Nalifanyia mazoezi kila asubuhi, mama yake ananicheka, siachi.
Baba yako