Mlango Alionionyesha Gaudensia

Cheyo, Tabora

Mwenzangu Apolinaria,

Mwangaluka. Habari za huko Choma, na kaka yako na ng'ombe wake? Magoti yako yanaivumilia kazi ya mavuno? Mimi mzima, nakula, ila usingizi ndio mchache. Paka wako namlisha, kanenepa kuliko mimi. Anayeandika ni mjukuu wangu Taghreed, na nimemkataza asilainishe neno hata moja. Simu sikutaka. Nakujua, ungenisamehe kabla sijamaliza.

Mwanangu Hilali anasema safari ya umra imepatikana tena, mwezi ujao. Basi nimezunguka mtaa kuomba radhi kwa niliowakosea, kama ilivyo kwetu kabla mtu hajaenda. Nimefika hata kwa muuza mkaa niliyemwita mwizi. Kwako nikaliona kufuli, nikashukuru Mungu kwamba uko mbali. Nilipofika nyumbani nikaionea aibu shukrani ile.

Safari ya kwanza unajua ilivyoharibika. Ndege ya Tabora ilitushusha Dar jengo la pili, na za kwenda nje zinaondokea jengo la tatu, mbali, si pa kwenda kwa miguu na mzigo. Hilali, anayekaa huko Dar, alikuwa bado njiani kuja kunipokea, magari yamebanana. Gaudensia wako, anayefanya usafi pale, akaomba ruhusa kwa msimamizi wake, akanibebea begi, akanitafutia gari, tukaenda wote. Mtaa mzima unajua kwamba aliniacha jengo lisilo langu, ndege ikaondoka. Hilali akamfokea kwenye simu. Mtoto akajitetea, mkamwona mwongo, maana nani atamsikiliza yeye mbele ya bibi kizee kama mimi? Ukamwambia amekuaibisha, na tangu Pasaka hamsemeshani. Ukaja kwangu na chupa ya asali kumwombea msamaha. Nikaipokea, nikaila na maandazi.

Apolinaria, mwanao hakukosea. Alinifikisha jengo la tatu, akanikalisha karibu na mlango, akaniambia, "Bi Tufaha, mlango ni huu. Usiinuke mpaka umwone Hilali, hata akikuita nani." Akarudi kazini mbio.

Nikainuka. Walipita wanawake wa Ujiji, wote nguo nyeupe, tasbihi mkononi. Wakanitolea salamu, nikaitikia, moyo ukafurahi kama nimeona ndugu. Walipopanda gari lao, nami nikapanda. Sikuuliza. Kumbe wao wametoka Makka, wanawahi ndege ya Kigoma. Wakanirudisha jengo la pili nilikotoka, nikasimama kwenye foleni yao kwa raha zangu mpaka askari akasoma tiketi yangu, akatikisa kichwa.

Hilali alinikuta pale, anahema, akauliza nani kaniacha. Nikamtaja Gaudensia. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Lakini kuna baya kuliko uongo, na Taghreed ameacha kuandika kwanza akanitazama. Nilipoinuka pale kitini nilisema moyoni, huyu ni mtoto wa kanisani, atajuaje njia ya kwenda Makka? Gaudensia, niliyembeba mgongoni mimi, aliyekula futari kwangu kila Ramadhani. Na wewe uliyenifulia nguo miezi yote minne nilipokaa eda. Miaka yote hiyo, mwenzangu, na neno hilo lilikuwa limekaa humu ndani na mimi silijui.

Jana Hilali amefika hapa, nimemwambia. Alitoka nje kumpigia Gaudensia, na Gaudensia hakupokea. Simu yako atapokea.

Basi mimi usinijibu kwanza. Mpigie mwanao. Mwambie alisema kweli tangu siku ya kwanza, na aliyesema uongo ni mimi. Ukishaongea naye, ndipo unitukane, kwa Kinyamwezi ukipenda, nitasikia vizuri zaidi. Nisipopata radhi ya nyinyi wawili siendi popote, hata Hilali anibebe.

Kaka yako mpe salamu, na wote wa hapo nyumbani. Taghreed anakuamkia shikamoo, amenuna, haki yake.

Mimi niliyekukosea,
Tufaha binti Yaser