Mganga Uliyemtaja Jukwaani

Mkomaindo,
Masasi.
5 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Chrispin,

Tarehe 14 Septemba mwaka huu Mama alimpoteza Mabel wa marehemu dada yetu Julia. Mtoto hajafa, usishtuke. Alifunga begi lake akatoka pale nyumbani Chilangala wakati Mama anasonga ugali, na mpaka leo hajarudi. Nimetanguliza hilo kwa sababu nikianza na salamu najua utaishia kwenye salamu.

Sasa salamu. Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu mwezi wa saba. Hujambo? Baridi ya huko Uholanzi imeshaanza? Shemeji Nancy na watoto wazima? Huku miili ni mizima. Shemeji yako January mgongo unamsumbua akibeba saruji, na hataki kuacha kubeba. Duka linakwenda. Msimu wa korosho ndio huu, waliolipwa wananunua bati na wasiolipwa wanakuja kuuliza bei.

Barua hii naiandika kwa mkono, halafu nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikutumie kwenye simu. Ujumbe mfupi nilikuandikia kuhusu hotuba yako, ukanijibu kwa kidole gumba. Nikaandika tena, ukaniambia ile ni simulizi tu ya kubebea wazo, na wazo lenyewe halijabadilika. Nimeona karatasi itakuwa ngumu kuijibu kwa kidole.

Hotuba yako nimeitazama, Chrispin. Nimeitazama kuliko watu wengi wa ukumbi huo waliokupigia makofi. Umependeza. Umesimama kwenye duara la taa, mikono unaipeleka kama marehemu Baba alipokuwa anasoma somo kanisani, na hukushika karatasi. Dakika kumi na nne nzima. Nilipoanza kuitazama nilimwita January aache wateja aje aone.

Wazo lako nimelielewa, maana maandishi ya Kiswahili yanapita chini. Unasema akina mama wajawazito wa vijijini hawauawi na umbali wa barabara, wanauawa na umbali ulioko vichwani mwa watu wanaowazunguka. Ndipo ukamtoa Julia. Sekunde arobaini tu. Ukasema una dada yako aliyefariki akijifungua, kwa sababu mama yenu mzazi alimpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji, na walipokumbuka hospitali muda ulikuwa umekwisha. Hapo ndipo nilipomwambia January arudi kwa wateja.

Sikudhani ni uongo. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikampelekea simu Mwalimu Cyril, jirani yetu anayefundisha Kiingereza, nikamwomba asikilize hicho ulichosema kwa mdomo wako. Akasikiliza, akavua miwani. Akaniambia neno ulilotumia lina uchawi ndani yake, huyo mtu wako ni wa tunguri na hirizi.

Nikakumbuka. Ni mimi niliyekupigia simu siku ile ya masika, mwaka 2008, ukiwa hata mwaka hujamaliza huko. Nilikwambia tulimfikisha kwanza kwa mganga, ndipo gari likapatikana. Nilisema mganga, ndiyo. Ningesema nani? Mlango wa chumba chake pale zahanati ulikuwa umeandikwa Mganga Mfawidhi kwa rangi nyekundu. Ni Luka, Chrispin, tabibu wa serikali. Luka aliyekushona mguu ulipoangukia jembe. Ulilia ukamtukana kwa Chimakonde na yeye akacheka. Huko mlikokaa neno moja limewabakia na maana moja, na maana hiyo ndiyo inayowafurahisha wenye ukumbi.

Sasa nikueleze jinsi lilivyofika nyumbani. Shuleni kwa Mabel wana klabu ya midahalo. Mwalimu wao akawaonyesha hotuba yako wajifunze kusimama mbele ya watu, na akawatangazia kwa furaha kwamba msemaji ni mjomba wake Mabel. Wenzake wakamgeukia. Mtoto akawa anajivuna, mpaka ulipofika kwenye sekunde zako arobaini.

Likizo fupi ya Septemba akaja nyumbani. Hakusalimia vizuri. Akamkuta Mama jikoni, akamuuliza palepale, "Bibi, siku ile mama yangu mlimpeleka kwanza kwa mganga?"

Mama akamjibu, "Ndiyo, mjukuu wangu. Kwa mganga, halafu tukatafuta gari."

Ndivyo ilivyoisha. Mama alijibu kweli. Hakujua ameulizwa nini. Aliendelea kusonga ugali wake, akaita watu waje kula, mtoto yuko barabarani anasimamisha bodaboda.

Yuko Nanyumbu kwa shangazi yake, dada wa baba yake. Nimemfuata huko. Nilimweleza yote, nikamtajia Luka, nikamwambia lile gari lilizama kwenye tope chini ya mteremko, na Luka alikuwa nyuma nasi, ameinua chupa ya dripu juu mpaka mkono ukamfa ganzi, akabadilisha mkono. Nikamwambia yeye Mabel alizaliwa mle ndani ya gari, na mikono ya kwanza kumpokea duniani ni ya huyo mganga. Julia alikata roho tunasukuma. Tope lilitufika magotini. Kama kuna umbali wowote uliomuua, basi uko pale mteremkoni na hata leo mvua ikinyesha magari yanazama.

Mabel alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, "Mama mkubwa, ninyi siku ile mlikuwa mnalia. Mjomba ni daktari, amechunguza."

Nilimwambia mjomba wake hakuwepo. Akasema ndiyo maana anaweza kusema kweli.

Wewe ni Mmakonde, sina haja ya kukufundisha uzito wa mjomba. Ukoo ni wa upande wetu, na mtoto wa dada yako ni wako kuliko wangu. Neno la mjomba kwetu halitenguliwi na mama mkubwa, wala bibi, wala muuza misumari wa darasa la saba. Hakuna wa kulitengua ila wewe. Luka naye hayupo, tulimzika mwaka ule wa korona, na mkewe alirudi kwao Songea. Shahidi mwingine sina.

Na najua kwa nini hutaki. Nimepiga hesabu yako. Ukiitoa Julia kwenye hotuba, au ukimweka kama alivyokufa kweli, basi barabara ndiyo iliyoua na wazo lako linabaki halina mguu wa kusimamia. Watu laki nne wameitazama. Hata nusu yao wakiwa wamezima mapema, bado ni wengi wanaomjua mama yetu kama mwanamke aliyemuua binti yake kwa ujinga. Hawa siwadai chochote. Hawatakuja Chilangala.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni jambo jingine, na ningeweza kulificha ningelificha. Juzi Jumapili nilikwenda kumwona Mama. Korosho zimeangukia chini ya mikorosho yake, mabibo yameoza juu yake, nzi wamejaa, na yeye amekaa tu barazani. Watu wanapita wanaona. Nikaanza kuokota mwenyewe. Akaniita.

Akaniuliza, "Hivi Mama Kelvin, siku ile kabla ya zahanati hatukupita mahali?"

Nikamwambia hatukupita popote.

Akasema, "Fikiria vizuri. Chrispin kasoma sana. Labda tulipita, mimi nikasahau. Labda ni mimi."

Nilimfokea, Mungu anisamehe. Nilimwambia alikuwa ameshika kichwa cha Julia mapajani njia nzima, angepita wapi. Akasema ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemkubalia mtoto. Nilipoondoka alikuwa bado anafikiria. Miaka kumi na sita alimlilia Julia akiwa na moyo safi. Hata huo sasa hana. Mimi sioni kama ataurudisha, na kusema kweli sioni kama Mabel atarudi. Ameshazoea kumchukia bibi yake, na chuki hiyo umempa wewe ikiwa imepangwa vizuri, ina taa na makofi.

Lakini kipaimara chake ni Jumapili tarehe 24 mwezi huu. Askofu anakuja huko Nanyumbu. Kitambaa cheupe cha gauni Mama alikinunua tangu Pasaka, kimekunjwa ndani ya mfuko wake. Mabel ametuma neno kwamba bibi asihudhurie. Mama amekubali. Ameniambia nikipeleke kitambaa, yeye atabaki nyumbani.

Kaka Bartholomayo, yule wa baba mdogo, anakusalimu, na ameniambia nikuandikie kwa upole. Nimejaribu. Evelina wa kanisani anauliza lini utakuja utoe hotuba kwa vijana, nimemwambia asubiri kwanza. Mama anakusalimu sana. Hana hasira nawe hata kidogo, na hilo ndilo lingekutisha kama ungekuwa hapa. Wabusu wanao. Mungu awalinde na asiwaache wakasimuliwa habari zenu na watu wasiokuwepo.

Sikuombi ufute hotuba. Nakuuliza jambo moja tu: je, utampigia Mabel kwa sauti yako, umwambie mganga alikuwa Luka wa zahanati na wewe ulikosea? Nijibu ndiyo au hapana, kwa maneno, kabla ya saa kumi jioni ya Jumamosi tarehe 23. Saa hiyo basi la mwisho la kwenda Nanyumbu linaondoka hapa, na lazima nijue napanda na Mama au napanda na kitambaa peke yake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado bila kujua niupeleke wapi upendo huo,

Scholastika (Mama Kelvin)