Mkono wa Nabintu na Banda la Kuku

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Kahawa. Redio. Umeme umekatika kabla habari hazijaisha, kama kawaida. Nimeandika kurasa mbili dhidi ya samaki wa barafu wanaoshushwa hapa Bukavu kwa malori, kana kwamba sisi hatuna maji wala mikono. Kurasa zenye meno. Ijumaa nitazisoma redioni.

Mchana nimeteremka mtaa wa Bagira kwa Nabintu, mdogo wangu. Jana walivua bwawa lake. Tilapia wanene kuliko miaka yote. Nimejivuna, sikatai. Banda la kuku lililojengwa juu ya maji tangu Januari ni wazo langu. Kuku wanalala juu, mavi yanaanguka katikati ya mbao, maji yanakuwa ya kijani, samaki wanashiba bure. Nimeandika kijitabu kizima juu ya jambo hilo. Nusu ya bonde imenifuata.

Nabintu amechomwa na mwiba wa mgongo wa samaki, chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Jirani yake, mjane Maman Faida, alikuja kusaidia kuvua kama majirani wote, akamfunga jeraha kwa kipande cha kitenge. Mkono umevimba. Nabintu anasema si kitu. Nimerudi nyumbani na samaki watatu.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Ni kitu. Mkono mwekundu hadi kifundo, unawaka. Homa. Tumempeleka hospitali. Daktari kijana amempa vidonge. Nimemuuliza vidonge gani, kwa nini hivyo, kwa siku ngapi. Amenitazama kama watu wanavyonitazama siku zote: mzee huyu atatuchosha. Acha niwachoshe.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Vidonge havifanyi kazi. Wekundu umefika kwenye kiwiko. Nimesoma kurasa zangu redioni kwa hasira iliyotoka mahali pengine. Mkurugenzi amenipongeza. Hajui kitu.

Mtaani jibu limeshapatikana: karuho. Ile sumu ya siri ambayo kila mtu hapa anamjua aliyeuawa nayo, na katika maisha yangu yote hakuna aliyenionyesha hata chembe yake. Wanasema Maman Faida aliificha chini ya kucha siku ile alipofunga jeraha. Sababu? Wivu. Bwawa lake liko juu ya la Nabintu, halina banda la kuku, na samaki wake ni wadogo. Kesi imekwisha.

Bahati, mume wa Nabintu, amenisubiri kwenye geti la hospitali.

– Prof, ule mumama njo alimushika mukono.
– Na mwiba wa samaki je?
– Mwiba? Tunachomwaka kila mwaka, Prof. Mbona mwaka hii tu?

Swali zuri. Hakuna kinachoniudhi kama swali zuri kutoka kwa mtu anayeelekea kukosea.

Wanangoja Jumamosi ya wiki ijayo. Baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wakishamaliza kusafisha mifereji, avenue nzima itakaa na kuamua kama Maman Faida abaki nyumbani kwake au aondoke. Ana miaka sitini na kitu. Aende wapi? Na hapa kwetu, anayefukuzwa kwa karuho hafiki mbali kabla ya jiwe la kwanza.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Misa. Maman Faida peke yake kwenye benchi la watu wanane. Nimetoka mahali pangu, nikatembea katikati ya kanisa na viatu vyangu vinavyolia, nikakaa ubavuni mwake. Watazame. Macho hayatoboi koti.

Lakini niandike na hili, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Katika kijitabu changu nilimcheka mwanamke huyu. “Mama mmoja wa Bagira anayeogopa mavi kuliko njaa.” Sikutaja jina. Wote walijua. Alikuwa amenikatalia banda mbele ya watu: “Prof, mutu haiwezi kukula kwenye kuku inanyea.” Watu walicheka. Nikatafuta namna ya kuwafanya wamcheke yeye. Niliipata.

Leo Maman Faida alinisogezea kitabu cha nyimbo, basi.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba

Nimempata Zawadi. Nilimfundisha biolojia akiwa msichana wa mabishano. Sasa ana maabara ndogo na mabishano yale yale. Nabintu amekubali, kwa hiyo Zawadi amechukua usaha wa jeraha. Kisha tumeteremka Bagira pamoja kuchukua samaki wa bwawa la Nabintu, samaki wa bwawa la Maman Faida, na mavi yaliyoganda kwenye mbao za banda.

Nilijiona wakili. Nitamtetea mjane kwa vinasaba, nitazika karuho kwa sayansi, na Ijumaa bonde zima litanisikiliza.

Zawadi akauliza:

– Prof, hizi kuku zinakunywaka nini?
– Maji.
– Maji tu?

Maji na unga wa njano, dawa ya duka la veterineri. Kila wiki, wagonjwa na wazima, ili wasife. Kipimo kimo kwenye kijitabu changu, ukurasa wa kumi na moja. Kijiko kimoja kwa ndoo.

Aliandika. Akafunga daftari. Ningependa angenigombeza.

Jumatano, tarehe 18 Septemba

Kidole cha shahada kimekatwa leo asubuhi.

Zawadi alikuwa amekwisha kuwapigia madaktari: bakteria wa jeraha anaishi ndani ya vile vidonge kama samaki ndani ya maji. Wamebadilisha, wameweka dawa nyingine ya mshipani. Jioni homa imeshuka. Mkono utabaki.

Nikamuuliza vile vidonge vya kwanza ni vya jamii gani. Jamii moja na unga wa njano.

Sikula.

Ijumaa, tarehe 20 Septemba

Majibu. Zawadi ana mashine isiyozidi kifuko cha miwani, inayosoma vinasaba herufi kwa herufi. Amenieleza mara mbili, na mara ya pili haikuwa lazima.

Bakteria aliyekula kidole cha Nabintu na bakteria wa samaki wake ni mmoja. Herufi zao karibu zote zinafanana. Ni bakteria wa maji, wa siku zote, yumo hata katika samaki wa Maman Faida. Lakini yule wa Nabintu amebeba kitu cha ziada: pete ndogo ya vinasaba, iliyo kando ya vile vya kwake vya kuzaliwa. Ndani ya pete mna maagizo ya kuisukuma dawa nje kabla haijaua. Na pete hiyo hiyo Zawadi ameikuta kwenye mavi ya kuku, ndani ya bakteria wa aina nyingine kabisa. Bakteria wana tabia hiyo, wanapeana pete hata wasipokuwa ukoo mmoja. Unga wa njano huwaua wasio nayo na kuwaachia bonde wale walio nayo.

Samaki wa Maman Faida hawana pete. Maji yake hayajawahi kuonja unga.

Zawadi ni mkweli, amenionya: mashine haioni nani alimpa nani kwanza. Nimemshukuru. Najua alichokuwa akinipa. Mlango wa kutokea. Sikuupita.

Saa tisa nilikuwa redioni. Mkurugenzi akasoma karatasi yangu mpaka mwisho, akaikunja.

– Prof, ukisema hivi, benye kuuzisha samaki ya barafu batacheza ngoma. Weye mwenyewe njo unabapatia silaha. Tupumzike wiki hii.

Ni kweli watacheza. Na kweli niliwaza, kwa muda wa sigara moja, kusema nusu: ni bakteria, si sumu, mwacheni mama. Nusu safi, isiyonigusa. Lakini Bahati ameshauliza mbona mwaka huu tu. Bila banda la kuku swali lake halina jibu, na swali lisilo na jibu litamwangukia Maman Faida kichwani. Hakuna nusu.

Amekataa kunipa maikrofoni. Vizuri. Nina koo.

Jumamosi, tarehe 21 Septemba

Salongo. Mvua ya usiku, tope hadi vifundoni. Nilichimba mfereji pamoja nao, vibaya, wakanicheka. Saa nne chef wa avenue, mkuu wao wa mtaa, akaita watu. Majembe mikononi, jambo ambalo sikulipenda. Maman Faida alisimama mlangoni kwake, mikono ndani ya kitenge. Alikuwa akizificha kucha zake. Hilo ndilo lililonitia moto.

Nikasema yote. Mwiba, samaki, pete, kuku. Polepole, kwa lugha yao, si ya redio. Mmoja akapiga kelele toka nyuma:

– Eeh Prof! Bakteria njo karuho ya bazungu!

Kicheko kikubwa. Nikangoja kiishe. Nikasema karuho hii inauzwa dukani, ina rangi ya njano, na wengi wenu mnayo nyumbani. Kicheko kikafa. Mwingine akasema mjane amenilipa. Nikamuuliza amenilipa kwa kitu gani, kwa samaki wake wadogo? Hata yeye akacheka.

Kisha nikafungua kijitabu na kuwasomea ukurasa wa kumi na moja. Kijiko kimoja kwa ndoo. Nikawasomea na ule mstari wa mama anayeogopa mavi. Nikasema: aliogopa kwa haki, bwawa lake ndilo safi, na mjinga wa bonde hili aliyeandika haya ndiye huyu hapa.

Bahati akaja mpaka mbele yangu.

– Kumbe mwaka hii tu, ni juu ya ile banda?
– Ndiyo.
– Ile yenye ulituambia tujenge.
– Ndiyo.
– Basi njo weye ulikata bibi yangu kidole.
– Ni mimi.

Alikuwa na jembe. Nilimtazama machoni kwa sababu sikujua pa kutazama pengine. Akaliweka begani, akaenda zake kwa njia ndefu, ile isiyopita mlangoni kwa Maman Faida. Chef akatangaza kwamba hakuna atakayeondoka. Nusu yao hawakuniamini. Nusu inatosha kwa siku moja.

Jumanne, tarehe 24 Septemba

Wauza samaki wa barafu wamesikia. Wanacheza ngoma, kama mkurugenzi alivyotabiri. Wacheze! Samaki wetu akiiva vizuri hana shida. Shida ni unga kwa kuku wazima, na banda juu ya maji, na kuvua kwa mikono mitupu. Naandika kijitabu kipya. Cha zamani nakikusanya nyumba kwa nyumba. Nyumba mbili wamenifungia mlango. Ya tatu walikuwa wamekitumia kuwashia moto; karatasi ile kavu, wameniambia, inawaka vizuri sana.

Jumapili, tarehe 29 Septemba

Nabintu amerudi nyumbani. Anashika kikombe kwa vidole vinne, anajifunza. Hajanilaumu. “Yaya, angalia upande ile, mbao inaanguka,” ndilo aliloniambia, mimi kaka yake, tukibomoa.

Bahati na mimi tumelibomoa banda baada ya misa. Alinipokeza mbao, nikazipanga mbali na maji. Kuku wamehamia nyuma ya jiko.

Jioni Maman Faida alileta ugali na samaki wa bwawa lake, wadogo, wamekaangwa vizuri. Alileta na jagi, sabuni na beseni. Nikanyoosha mikono aninawishe. Hakumwaga maji mara moja. Aliweka jagi chini, akashika vidole vyangu, akaangalia chini ya kucha, kimoja baada ya kingine, vyote kumi.

Kisha akamwaga.