Cheti Ulichoniomba

Zindabazar,
Sylhet.
9 Novemba 2019

Mpendwa dada Hosne Ara,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Maskati, na mgongo umepoa? Sisi wazima, ila Mama analia na magoti na dawa zangu hazitaki. Eti daktari wa ubongo atajua nini habari za magoti!

Barua yako imefika. Unataka niandike cheti kwamba mwanao Rumana hana ugonjwa wowote, naye afiche vidonge vyake vya kifafa mpaka harusi ipite. Dada, nimeisoma mara mbili.

Sijapata kukuhadithia habari za Shefali. Alikuwa mchumba wa watu, miaka kumi na tisa, na kifafa chake kilikuwa kimetulia kabisa kwa dawa. Mama yake alinishika miguu: "Daktari, andika kichwa kinamuuma tu. Ukilitaja jina hilo, nani atamwoa?" Nami, niliyesomea mishipa ya fahamu miaka kumi na mmoja, nikaandika. Nilidhani namsaidia.

Kwa wakwe wakamuuliza, kichwa gani hiki cha vidonge kila siku? Akaona haya, akaacha. Alipoanguka mara ya kwanza wakamnusisha kiatu eti azinduke, wakamwita fakiri, mganga wao, amtoe jini. Mara ya pili alikuwa peke yake bwawani, akiosha sufuria. Maji yalikuwa ya kiunoni tu.

Mama yake alikuja kliniki na vidonge vilivyobaki, amevifunga kwenye ncha ya sari. "Mpe maskini mwingine," akasema. Hakunilaumu hata kidogo. Tangu siku hiyo, kila nikishika kalamu namwona yule binti. Watu wananiita bingwa, nami nauogopa mkono wangu mwenyewe.

Cheti sikuandika. Nilimweleza Rumana yote haya. Akalia, kisha akaniuliza, "Mama mdogo, kwa kina Mahfuz kuna bwawa?" Nikamwambia lipo, nyuma ya jiko. Akachukua simu, akampigia mchumba wake palepale: "Mimi nina kifafa. Natumia dawa na siachi. Waambie wazee wako."

Mahfuz akakata simu. Leo siku ya tatu, kimya. Nikasirikie, nitukane, ni haki yako. Mimi nitalala.

Msalimie shemeji Hannan na mkwe wenu Shirin. Mola awafunike kwa rehema zake, na bintiyo akupe wajukuu ukiwa na macho ya kuwaona.

Mdogo wako akupendaye hata ukimnunia,
Dilruba