Shamba la Kupandwa Tena

Mjukuu wangu Kazungu,

Mimi bibi yako, hawe yako, nakusalimu kutoka Ganze. Mguu wa babu yako umepona, mbuzi amezaa mapacha, sisi wazima.

Barua yako imenikasirisha, wala si kwa sababu umerudia pombe. Nimemkasirikia huyo mzee wa kanisa lenu huko Nairobi aliyekwambia Mungu amekuchoka. Nani alimtuma? Nawe unaniuliza kama ni kweli!

Nilipokuwa msichana, dhambi yangu ilikuwa hasira. Wiki moja tu baada ya kubatizwa nilivunja mtungi wa mwenzangu kwenye foleni ya maji, eti amenipita. Nikatubu, nikarudia. Mara ya tatu nikaona haya, nikaenda kumwambia mwinjilisti wetu kwamba naacha kanisa. Nilimkuta akipanda mahindi. Mvua ilikuwa imemdanganya mara mbili, mbegu zikafia ardhini.

"Bado unapanda hapa hapa?" nikamuuliza.

"Nipande wapi, barabarani? Shamba langu ni hili. Shika jembe, mwanangu, uache maswali."

Tukapanda mpaka jua likawa utosini. Habari ya kuacha kanisa sikuitaja tena.

Hasira bado ninayo, unaisoma humu. Jumapili nitakwenda nayo kanisani, nimwombe Mungu tena kama ninavyomwomba siku zote. Nawe nenda, ukae mbele. Huyo mzee akikukunjia uso, mwambie hawe yako wa Ganze anasema shamba hilo si lake.